Tangi la lita 54: samaki gani wanaelewana, na mimea gani haifi kirahisi?

mapezi_mapya:
Wakuu, heshima kwenu. Nimezawadiwa tangi la kioo, sentimita 60 kwa 30 kwa 30, kwa hesabu yangu lita 54. Lina filta ya ndani, hita na taa. Nimelijaza maji juzi, filta inazunguka, samaki bado. Nilivyopanga kichwani: neoni tetra kumi, gapi sita wa jinsia zote, enjeli wawili (wale bapa wenye mapezi marefu), beta dume mwekundu, samaki wa dhahabu wawili na pleko mmoja wa kulamba kioo. Mimea nataka mingi, ila mkono wangu ni wa kuua, hata mchicha hunishinda. Naombeni ushauri kabla sijaharibu.

kijito:
Samaki wa dhahabu mtoe kabisa. Ni wa maji ya baridi, anachafua sana, na tangi hilo atalizidi. Pleko naye mtoe. Yule wa kawaida hufika sentimita 30 na kuendelea, na upana wa tangi lako ni huohuo 30. Atageukia wapi?

mzee_wa_chujio:
Karibu, mapezi_mapya. Una bahati umeuliza kabla ya kununua, wengi huja hapa na maiti kwenye kijiko. Kabla sijasema samaki gani, nijibu moja: birika lenu la kuchemshia maji linaota utando mweupe ndani?

mapezi_mapya:
Linaota mpaka tunalikwangua. Linahusianaje?

mzee_wa_chujio:
Linahusiana sana. Huo utando ni chokaa, maana yake maji yako ni magumu. Watu huchagua samaki kwa rangi, kisha wanaanza kupigana na maji yao kwa dawa za chupa. Afadhali uanze na maji yanayotoka bombani, ndipo utafute samaki anayeyapenda. Gapi na plati wanastawi kwenye maji magumu. Neoni asili yake ni vijito vya bonde la Amazon, maji laini yenye asidi kidogo. Hao wawili huuzwa pamoja kila mahali, lakini mmoja wao huwa anavumilia tu.

tetra_saba:
Hapo nabisha kidogo mzee. Neoni wangu wana mwaka wa tatu kwenye maji magumu na wanakula kama kawaida. Wengi siku hizi wanazalishwa mabwawani, si wa kuvuliwa mtoni.

mzee_wa_chujio:
Sikatai, waliozaliwa kwenye maji ya namna hiyo huzoea. Basi amuulize muuzaji samaki wake wanaishi kwenye maji gani. Ila kwa mgeni, mwenye tangi la kwanza, mimi simpi samaki wa kuvumilia wakati wapo wa kufurahia.

Enjeli: akiwa mdogo kama sarafu utaona anapatana na neoni vizuri. Akikua, neoni anaingia mdomoni mzima mzima, na wala si ukatili, ndivyo alivyoumbwa. Halafu kina cha sentimita 30 ni kifupi kwa mapezi yake. Beta naye akiona mkia mpana wa gapi anadhani ni dume mwenzake, vita inaanza. Ukimtaka beta, mpe tangi lake.

Mimi ningeweka gapi madume matupu, sita au saba, na kundi la kori (Corydoras, kambale wadogo) sita wa kutembea chini. Kori ni samaki wa kikundi, ukimweka mmoja anajificha tu. Sakafu iwe mchanga laini, kokoto zenye ncha huwaumiza sharubu.

dada_mwani:
Nasisitiza hilo la madume matupu. Mimi nilinunua majike matatu peke yao nikidhani nimemaliza kazi. Jike wa gapi huhifadhi mbegu za dume kwa miezi, hivyo walizaa, wakazaa tena mwezi uliofuata. Niligawa watoto mpaka jirani akaacha kunifungulia mlango 😂

Kuhusu mimea, mkono wako hauna kosa. Anza na Anubias na Java fern, aina ya kangaga. Hizo huzipandi, unazifunga kwa uzi kwenye jiwe au gogo. Lile shina nene linalolala ukilifukia linaoza, na hapo ndipo wengi wanapoziua. Nyuma weka Vallisneria, inapenda maji magumu kama yako na inajisambaza yenyewe. Ukipata Cryptocoryne, majani yanaweza kuyeyuka yote wiki za mwanzo. Usiing'oe! Mizizi iko hai, itachipua. Taa saa sita hadi nane kwa siku zinatosha, zaidi ya hapo unafuga mwani.

mapezi_mapya:
Asanteni sana. Nimefuta orodha yote, nabaki na gapi madume na kori. Nikawachukue kesho?

kijito:
HAPANA.

mzee_wa_chujio:
Kijito kasema kweli ila kwa ukali. Tangi lako halina bakteria bado. Kinyesi na chakula kilichobaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo sumu, kisha wengine wanaigeuza nitrati, ambayo unaipunguza kwa kubadili maji kiasi kila wiki. Hao wote hukaa hasa kwenye sponji ya filta, na kuzaliana kwao huchukua wiki nne hadi sita. Tupia chembe za chakula cha samaki kila siku kana kwamba wapo, na upime. Amonia na nitriti zikisoma sifuri zote mbili huku nitrati ipo, lete gapi kwanza, kori wiki mbili baadaye. Maji ya bomba yaondoe klorini kwanza, na sponji usiioshe bombani kamwe, isuuze kwenye ndoo ya maji ya tangi.

mapezi_mapya:
Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Amonia 2, nitriti 0, maji yamekuwa na ukungu. Nimeharibu?

dada_mwani:
Hujaharibu, usiguse kitu. Ukungu utaisha wenyewe. Nitriti itapanda, kisha itashuka. Wakati unasubiri tafuta mfuniko, gapi wanaruka.