Naomba mwongozo: nianzie wapi na roki ya Kihispania?

Dereva wa Karatu
Wakuu, habari za jioni. Natembeza watalii huku kaskazini, na siku hizi napata wageni wengi wa Argentina na Mexico. Kihispania changu ni cha kuungaunga: salamu, majina ya wanyama, na mengine niliyookota kwenye tamthilia. Tukiwa na safari ndefu ya kwenda Serengeti huwa nawaachia wageni waunganishe simu zao kwenye spika za gari. Hapo ndipo nilipoanza kusikia magitaa ambayo sikuyategemea. Nilijua hawa watu wana salsa, bachata na reggaeton. Kumbe wana roki yao, na gari zima linaiimba, baba na binti yake, bila kukosea neno.

Nimejaribu kutafuta mwenyewe nikaletewa orodha ndefu ya nyimbo kutoka nchi zaidi ya kumi, nikachoka kabla ya kuanza. Naomba anayejua anielekeze nchi ya kuanzia na albamu ya kuanzia. Halafu nina swali la pembeni: hii ni roki ya Wamarekani iliyotafsiriwa tu, au ina kitu chake? Natanguliza kusema mimi ni mtu wa rumba na zilipendwa, makelele ya kupasua masikio siyawezi.

Kinanda Kibovu
Nimevuta kiti mbele, nawasubiri wajuzi.

Gitaa Kavu
Mkuu, nianze na swali lako la pembeni maana ndilo linalobeba mengine. Mwanzoni ilikuwa tafsiri kweli. Kule Mexico Los Teen Tops walichukua nyimbo za Elvis na Little Richard wakaziimba Kihispania, vijana wakapagawa. Ritchie Valens alipita njia nyingine: kijana wa California, wazazi wenye asili ya Mexico, mwaka 1958 akachukua "La Bamba", wimbo wa kienyeji wa Veracruz, akaupigia gitaa la umeme. Mwaka uliofuata akafa kwenye ajali ya ndege.

Waliogeuza meza ni Waargentina. Mwaka 1967 Los Gatos walitoa "La balsa", wimbo wa mtu mpweke aliyeichoka dunia, anataka kuunda chelezo ajiondokee. Ulitungwa palepale Buenos Aires, kwa lugha ya pale, na ukauzika mno. Toka hapo hakuna aliyehitaji ruhusa ya Elvis. Akaja Luis Alberto Spinetta na bendi yake Almendra, akaja Charly García na Sui Generis.

Sasa sikiliza hii. Jeshi lilishika nchi kuanzia 1976 hadi 1983, watu wakapotezwa kwa maelfu, na wanamuziki wakawa wanaandika kwa mafumbo. Aprili 1982 majenerali wakavamia visiwa vya Malvinas, ambavyo Waingereza huviita Falkland, wakaingia vitani na Uingereza. Nyimbo za Kiingereza zikaondolewa redioni. Watangazaji wakabaki na saa nyingi za kujaza, na walichokuwa nacho karibu ni roki ya nyumbani. Wale wale waliokuwa wakichunguzwa na askari wakajikuta wanapigwa kutwa nzima kwa amri ya serikali ile ile! Vita viliisha Juni kwa kushindwa, utawala wa kijeshi nao ukaanguka mwaka uliofuata, lakini muziki haukurudi tena chini ya uvungu.

Kwa hiyo jibu langu ni Argentina, na bendi ni Soda Stereo. Ni watu watatu tu: Gustavo Cerati gitaa na sauti, Zeta Bosio besi, Charly Alberti dramu. Walianza mwaka huohuo wa 1982. Chukua albamu ya "Canción Animal" ya 1990, humo utakuta "De música ligera". Nina hakika ndio ule uliokuwa unaimbwa garini mwako.

Dereva wa Karatu
Gitaa Kavu, ndio wenyewe! Nimeufungua sasa hivi, gitaa lile la mwanzo tu nikalitambua. Asante sana mkuu.

Bibi Tanga Line
Gitaa Kavu umeeleza vizuri lakini umemjibu mtu mwingine. Mwenye uzi kasema ni mtu wa rumba. Unampeleka Buenos Aires kufanya nini? Mpeleke Mexico.

Mwanangu, anza na Caifanes, wimbo unaitwa "La negra Tomasa", wa 1988. Wazee wetu walikuwa wakinunua santuri za Kuba, ndiyo maana Morogoro tulikuwa na Salum Abdallah na Cuban Marimba. Na huo wimbo wa Tomasa ni wa Kuba vilevile, mtunzi wake Guillermo Rodríguez Fiffe. Caifanes walikuwa vijana wa Mexico City, mavazi meusi, nywele zimesimama juu, wakauchukua wakaupiga kwa mwendo wa cumbia. Wenzao wa roki wakawasema sana. Wimbo ukauzika kupita kila walichowahi kutoa kabla yake. Nakuhakikishia kiuno kitauelewa kabla ya sikio.

Ukishatulia nenda kwa Café Tacvba, albamu ya "Re", 1994. Ina nyimbo ishirini na hazifanani. Utakuta muziki wa mpakani wenye kodiani, utakuta bolero, utakuta panki. Dramu zenyewe wakati ule zilikuwa za mashine, hawakuwa na mpigaji. Mtayarishaji ni Gustavo Santaolalla, Muargentina aliyehamia Marekani. Vijana mnaocheza michezo ya kompyuta mnamjua bila kujua, ndiye aliyepiga muziki wa "The Last of Us", na ana Oscar mbili.

Angalizo moja. Kwenye "Re" kuna wimbo wa "Ingrata", unachezeka kweli, ila mwanaume humo anamwahidi mwanamke risasi. Mwaka 2017 bendi yenyewe ilisema haitaupiga tena vile kwa sababu ya wanawake wanaouawa Mexico. Usiuweke ukiwa na wageni usiowajua.

Mzee wa Kuperuzi
Mbona hamuwataji Maná? "¿Dónde jugarán los niños?" ya 1992 kila nyumba ya Mexico inayo. Ndio wepesi kuliko wote kwa anayeanza.

Gitaa Kavu
Maná ni muziki laini wa kuwekwa kwenye lifti, mkuu. Tuendelee.

Bibi Tanga Line
Gitaa Kavu wacha dharau. Waimbaji wa Guadalajara wale, melodi zao mtu anazishika mara moja, na dereva anataka nyimbo ambazo wageni watamwimbia. Mimi pia siwapendi sana, lakini kwa kazi yake wanafaa.

Nai wa Eastlands
Salamu kutoka Nairobi. Jameni, mtapita Chile bila kusimama? Los Prisioneros ni vijana watatu wa San Miguel, mtaa wa kawaida tu pale Santiago, na walikuwa wakiimba dikteta Pinochet akiwa bado ikulu. Mwaka 1986 walitoa "El baile de los que sobran". Unahusu vijana waliomaliza shule pamoja, wakaambiwa someni mtafika mbali, halafu watoto wa matajiri wakapata nafasi na wao wakabaki mtaani wanapiga teke mawe. Albamu yenyewe inaitwa hivyo, "Pateando piedras". Mimi nilipotafuta maana ya maneno nilinyamaza kidogo, kwa sababu nina cheti changu kabatini.

Oktoba 2019 watu walipojaa barabarani Santiago ndio waliouimba, zaidi ya miaka thelathini baadaye. Hauna makelele, Dereva. Kuna kinanda, dramu ya mashine na mbwa anabweka mwanzoni.

Dereva wa Karatu
Nai, huo nimeurudia usiku mzima. Na Bibi, shikamoo, Tomasa kashapita, mke wangu kauliza kama ni Wakongo.

Sasa nimebaki na hili: maneno nayashikaje? Nikisikiliza nasikia mvumo tu.

Ustadh Gambusi
Hapo sisi tuna bahati. Irabu za Kihispania ni tano na zinatamkwa karibu sawa na zetu, a e i o u, kwa hiyo ukiwa na maneno mbele yako utayasoma ulivyoyaona na utakuwa umepatia kwa sehemu kubwa. Jihadhari na j, inatoka kooni kama kh, na h haitamkwi kabisa. Fungua maneno ya wimbo mmoja, soma kwa sauti bila muziki, ndipo uweke muziki. Usianze na Spinetta wala Cerati kwa kazi hiyo, wale mashairi yao hata wenye lugha wanabishana maana. Los Prisioneros wanatamka wazi. Au chukua Aterciopelados wa Bogotá, albamu ya "El Dorado" ya 1995, mwanamama Andrea Echeverri anaimba kama anakusimulia.

Na kwa kuwa hupendi makelele, tafuta zile rekodi za jukwaani za MTV zisizo na vishindo, zinaitwa "MTV Unplugged". Café Tacvba walifanya 1995, Soda Stereo 1996.

Kinanda Kibovu
Na Hispania yenyewe je? Au waliishia kutuma lugha tu?

Gitaa Kavu
Wapo. Dikteta wao Franco alipokufa 1975 Madrid ilifunguka, vijana wakafanya kila walichokatazwa. Lakini ukitaka bendi moja, Héroes del Silencio wa Zaragoza, "Senderos de traición" ya 1990, wimbo "Entre dos tierras". Sauti ya mwimbaji wao, Bunbury, ni nzito, ama utaipenda ama utaizima. Wajerumani waliipenda mno, na hao Dereva unawabeba kila wiki.

Dereva wa Karatu
Nashusha kila kitu kwenye simu leo, huko porini mtandao ni wa kubahatisha. Nimeshaweka Soda, Tacvba, Prisioneros, Aterciopelados, na Maná kwa siri. Jumamosi nina familia ya Buenos Aires, na babu yao yupo. Nimwekee nini mzee?

Gitaa Kavu
Umri gani?

Dereva wa Karatu
Sabini na kidogo.

Gitaa Kavu
Huyo alikuwa kijana wakati Sui Generis wanaagana na mashabiki ukumbi wa Luna Park, Septemba 1975. Weka "Rasguña las piedras", halafu punguza sauti kidogo umwachie nafasi ya kuimba.