Ada ya majitaka inapanda, nami namwagilia miche kwa dira hiyohiyo. Nishaurini kabla ya kikao

Mama Miche
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri, na wenye uzoefu tafadhali msinipite.

Mamlaka ya maji ya jiji letu imependekeza kupandisha ada ya majitaka kwa nyumba na kwa biashara, kwa awamu tatu. Kikao cha maoni ya wananchi ni baada ya wiki tatu. Nimesoma tangazo lao mara mbili, nikaelewa kimoja tu: nitalipa zaidi.

Naishi na watoto watatu na mama mkwe. Uani nina kitalu cha miche, ndicho kinachowasomesha. Dira ya maji ni moja, ya nyumba na ya kitalu. Ada ya majitaka inapigwa kwa asilimia ya maji niliyotumia, hivyo kila ndoo ninayomwagilia inahesabiwa kama imepita chooni, wakati imeishia kwenye udongo. Sasa wanataka pia nihamie kundi la biashara, ambako ada ni kubwa zaidi.

Nikapinge pendekezo zima? Nifike na nini mkononi?

Bomba la Chini
Pole dada. Nimefanya kazi miaka 11 kwenye mtambo wa kusafisha majitaka, kwa hiyo nianze na fedha inakokwenda.

Pasipo na mteremko lazima pawe na pampu, na pampu haizimwi usiku. Kwenye mtambo unaopuliza hewa, upulizaji peke yake unaweza kula karibu nusu ya umeme wote, maana bakteria wanaokula uchafu wanataka oksijeni usiku na mchana. Halafu mabomba ya zege yanaliwa kutoka ndani. Majitaka yakikosa hewa yanatoa ile gesi yenye harufu ya yai viza. Gesi inapanda hadi sehemu ya juu ya bomba, bakteria wengine wanaigeuza kuwa asidi ya salfa, na asidi inakula zege. Nimewahi kushika kipande cha bomba la namna hiyo, kikamong'onyoka mkononi kama chaki iliyolowa. Juu yake magari yalikuwa yanapita kama kawaida.

Gharama nyingi za hizi hazipungui hata mji mzima ukibana maji. Kwa hiyo ukisimama kusema "hatutaki" watakusikiliza kwa heshima na kuendelea na yao. Simama na la dira.

Omba dira ya pili kwa ajili ya kitalu, maji yake yasipigiwe ada ya majitaka. Kuna miji inayokubali, ila mara nyingi gharama ya kuifunga ni yako, nao wanaikagua. Kwa hiyo piga hesabu kwanza: chukua bili za miezi ya mvua, usipomwagilia, uziweke kando ya bili za kiangazi. Tofauti ndiyo maji ya miche. Austin, kule Marekani, hutoza majitaka ya nyumbani kwa kutazama wastani wa miezi ya baridi, kwa sababu hiyohiyo ya bustani. Si jambo geni unaloomba.

Mzee wa Bondeni
Mimi nasema wapandishe. Nyumba yangu iko bondeni. Mwaka juzi mvua ilinyesha usiku kucha, mfuniko wa chemba ukanyanyuka, na choo kikaanza kurudisha. Tulitoa magodoro gizani, mjukuu nimembeba begani, maji yale yamefika vifundoni. Waliokuja kuzibua walisema bomba lilitandazwa wakati mtaa una nyumba chache. Walio juu hawayaoni haya, ingawa yanayotufikia yanatoka kwao.

Nitalipa. Ila waandike: bomba la mtaa gani, mwaka gani. Bila hivyo na mimi nitapinga.

Bomba la Chini
Shikamoo mzee, na pole sana. Hayo ya usiku wa mvua huenda si majitaka peke yake. Watu wanaunganisha mifereji ya paa na chemba, na maji mengine yanapenya kwenye nyufa. Bomba la majitaka linageuka mto. Waulizeni kwenye kikao: siku ya mvua mtambo unapokea kiasi gani zaidi ya siku kavu? Wakiwa na jibu, huenda kuondoa mvua kukawa rahisi kuliko kutandaza bomba kubwa. London, ambako mabomba ya zamani yanabeba majitaka na maji ya mvua pamoja, wamechimba handaki la kilomita 25 kufuata mto Thames, na wateja wanalilipia kwenye bili zao.

Jiko la Kona
Mimi nina mgahawa. Dada, usikubali neno "biashara" likae peke yake. Maji yangu yana mafuta. Ya kwako yanabaki kitaluni. Mwaka 2017 chini ya mtaa wa Whitechapel, London, walikuta donge la mafuta na vitambaa vya kujifutia lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130 hivi. Mimi nina mtego wa mafuta, naukombea kila wiki, halafu natozwa sawa na jirani anayemwaga kikaango moja kwa moja kwenye sinki. Ada ifuate wingi na uchafu wa maji unayotoa. Leseni ya biashara haichafui bomba.

Daftari
Peleka maoni kwa maandishi pia, nakala yako igongwe muhuri. Na uulize kuhusu tozo isiyobadilika, ile unayolipa hata ukitumia maji kidogo: ikipanda hiyo badala ya bei ya uniti, anayeumia zaidi ni mjane anayetumia ndoo tatu. Bili zako za miezi 12 zitatosha kama ushahidi.

Mama Miche
Asanteni sana, nimesoma yote. Jana usiku nilifunga mabomba yote nikasoma dira, alfajiri nikasoma tena. Imesogea! Nikatia rangi kwenye tangi la choo, baada ya nusu saa bakuli lote jekundu. Kumbe mpira wa ndani umechoka, na maji hayo nimeyalipia mara mbili, kama maji safi na kama majitaka. Fundi anakuja leo.

Bili nimezipanga. Kiangazi natumia karibu mara mbili ya miezi ya mvua. Barua ya kuomba dira ya pili naipeleka kesho, na nimeongeza hoja ya Jiko la Kona kuhusu makundi ya biashara.

Mzee, sijui unaishi bonde gani, lakini swali lako la mtaa gani, mwaka gani, ndilo nitakaloanza nalo siku ya kikao.