Corolla 110 inatetemeka ikiwa sailensi na inapiga tak tak, fundi anataka ninunue injini

Mwana Tabata:
Habari zenu wakuu, naombeni msaada maana hapa nilipofika sijui nishike lipi. Nina Corolla 110 ya 1998, injini 5A, otomatiki, imeshatembea kilomita laki mbili na ushee. Mwezi wa pili huu gari haitulii kabisa ikiwa sailensi, yaani inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta, mshale wa rpm unacheza kati ya 500 na 700, usukani unatetemeka mpaka funguo zinagongana kwenye swichi, na nikiwa foleni pale Buguruni gia iko D na AC nimewasha ndo inataka kuzima kabisa. Nikishachanganya spidi ikafika 60 hivi unaweza kusema haina tatizo. Halafu asubuhi nikiwasha inapiga tak tak tak upande wa rejeta, nikikanyaga mafuta na mlio unaenda mbio, baada ya dakika kumi hivi unapotea. Taa ya cheki injini haijawaka.
Fundi wangu alibadili plagi zote 4 na kusafisha throto, gari ikatulia siku mbili tu, ikarudi vilevile. Juzi kasikiliza mlio dakika moja akasema konrodi imekufa, kile chuma kinachoshika pistoni na kranki, nitafute injini ya mtumba. Gari hii ndo inapeleka watoto shule na mama kliniki, hela ya injini sina jamani.

Fundi wa Moro:
Pole sana mdogo wangu, usinunue injini kwanza. Mimi naona hapo una magonjwa mawili tofauti na fundi wako kayaweka kapu moja.
Tuanze na mtetemo, hiyo ni misi ya silinda moja, yaani silinda moja haichomi. Injini ikiwa kwenye 750 kila silinda inachoma kama mara 6 kwa sekunde, moja ikilala lazima uisikie mpaka kwenye kiti, ila ukifika 3000 kila moja inachoma mara 25 kwa sekunde na mtetemo unafunikwa, ndo maana barabarani unaona iko sawa. Taa isikupe moyo, misi kwenye hizi gari mara nyingi haiwashi taa. Fanya hivi, injini ikiwa inaunguruma chomoa soketi ya nozeli, zile zinazopuliza petroli, moja moja na kurudisha. Ukichomoa na gari ikazidi kutetemeka, silinda hiyo ni nzima, ukichomoa na isibadilike kitu hiyo ndo mgonjwa. Wengi wanachomoa waya za plagi lakini mi sipendi, umeme utakurusha na unaweza kuua koili.
Ukishaipata, zima gari uchomoe waya wa plagi wa silinda hiyo utazame ile mpira ya mwisho. Hizi 5A zikizeeka sili za mashimo ya plagi pale kwenye kava ya tapeti, ile ya juu kabisa ya injini, zinakauka, oili inashuka inajaa shimoni, mpira unavimba na umeme unatoroka kabla ya kufika kwenye plagi. Umesema plagi mpya zilituliza siku mbili, hilo limenishtua, maana yake fundi alifuta oili wakati anabadili na shimo likajaa tena.
Sasa mlio. Konrodi ikifa inagonga nzito, gog gog, kutoka chini, na injini ikipata moto oili inakuwa nyepesi inazidi kugonga. Wako unapotea ukipata moto. Hiyo ni dalili ya moshi kuvuja, chuma kikipata moto kinatanuka kinaziba upenyo, kwa hiyo tazama gasketi ya manifoldi ya eksozi, yale mabomba yanayotoa moshi kwenye injini, na iko huko huko upande wa rejeta. Tafuta masizi meusi makavu pale inapokutana na hedi, sehemu ya juu ya injini. Chukua bisibisi ndefu, ncha iguse chuma cha injini na mpini uweke sikioni, anza kwenye hedi ushuke taratibu hadi kwenye sampu, bakuli la oili huko chini, sehemu inayolia itajisema yenyewe. Angalia nguo zisiguse feni.

Kijana wa Gerezani:
Naungana na fundi ila usisahau hewa inayoingia kwa wizi. Mipira ya vakyumu, ile inayovutwa hewa na injini, ya gari ya umri huo inapasuka kwa chini ambako huoni, pitisha kidole mmoja mmoja. Na waya ukinunua uangalie unavyozipanga kwenye distributa inayogawa umeme wa plagi, moto unaenda silinda 1-3-4-2, nimeshaona mtu kabadilisha 2 na 3 akaja hapa dukani analia kauziwa waya mbovu. Na mtu asikuwekee oili nzito ili mlio upungue, huko ni kufunika kidonda na asubuhi injini inachelewa kupata oili juu.

Bi Mkubwa wa Tanga:
Mwanangu kabla hujatoa hata shilingi ya injini mwambie apime kompresheni, nguvu ya kugandamiza hewa, silinda zote nne, ni kazi ya nusu saa. Zikikaribiana injini yako bado. Mimi niliuza yangu kwa bei ya kutupa kwa kuambiwa hivyohivyo, aliyenunua anaendesha mpaka leo na namuona sokoni.

Mwana Tabata:
Wakuu nimerudi. Nimechomoa soketi ya 1 gari ikataka kuzima, ya 2 hivyohivyo, ya 3 kimya, haikubadilika chochote. Nilipovuta waya wa 3 mpira umetoka unachuruzika oili, umevimba mpaka umekwama, na tochi nikaona plagi imezama nusu. Kompresheni ziko 165, 160, 160 na 165. Tumekausha shimo kwa kitambaa kabla ya kufungua plagi ili oili isiingie ndani, tumeweka sili zote 4, gasketi ya kava na waya mpya. Leo siku ya tisa, sailensi 750 imetulia hata AC ikiwaka.
Tak tak bado ipo asubuhi. Masizi nimeyaona kwenye kona ya manifoldi karibu na silinda ya 4 na stadi moja imekatika, ile bolti inayoishika.

Fundi wa Moro:
Hapo sawa kabisa. Hiyo stadi itolewe gari ikiwa ya baridi, imwagiwe mafuta ya kulegeza kutu tangu usiku, na asiilazimishe ikavunjikia ndani ya hedi. Akishafungua manifoldi ailaze juu ya kioo kilichonyooka aone kama imepinda, ikiwa imepinda ipelekwe ikasawazishwe, la sivyo gasketi mpya itaungua mwezi haujaisha.