Fundi AC wa mtaani: nilipie cheti cha Marekani cha mtandaoni au niende VETA?

Fundi_Tegeta
Wakuu, habari za kazi. Nashughulika na AC na mafriji huku Tegeta. Ufundi nimeupata kwa mzee mmoja niliyembebea mkoba mpaka alipostaafu akaniachia wateja. Cheti sina hata kimoja, na majumbani hakuna aliyewahi kukiuliza.

Sasa kuna hoteli inataka kunipa mkataba wa kuhudumia spliti zao. Mpya zote zinatumia gesi ya kupoza ya R32, za zamani bado R22. Msimamizi kasema bila cheti cha kushika gesi hakuna mkataba. Nimeona tangazo la WhatsApp: "cheti cha kimataifa EPA 608", unasoma kwenye simu, unafanya mtihani, unatumiwa. Je, kina maana hapa Bongo? VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) wanaweza kunipima bila kunirudisha darasani na vijana wa kidato cha nne? Na hii R32 wanayosema inawaka, ni kweli au ni maneno ya wauza vifaa?

Mtoto_wa_Gerezani
Mkuu, mteja anataka baridi, hataki karatasi. Tafuta hoteli nyingine.

Dada_Kompresa
Hapo juu umempoteza mwenzio. Msimamizi anayeuliza cheti maana yake bima au wakaguzi wanamuuliza yeye. Mteja wa namna hiyo ndiye anayelipa kwa wakati.

Fundi, EPA 608 ni cheti halali kabisa cha kushika gesi za kupoza, ila ni cha sheria ya Marekani, chini ya EPA (shirika lao la mazingira), kwa mafundi wanaofanya kazi Marekani. Kina sehemu ya msingi, halafu aina tatu: ya kwanza vifaa vidogo vilivyofungwa kiwandani, ya pili mitambo ya presha kubwa (spliti ziko humu), ya tatu chila (mitambo mikubwa ya kupoza maji ya majengo) za presha ndogo. Ukifaulu zote unaitwa Universal, na hakiishi muda. Ila mtihani wote ni wa kuchagua jibu. Hushiki geji hata mara moja, na maswali mengi ni ya sheria zao. Kama unakitaka, ingia tovuti ya EPA, wana orodha ya taasisi walizozikubali. Huyo wa WhatsApp kama hayumo, unanunua picha.

Kwa hapa anza na VETA. Fani inaitwa majokofu na viyoyozi. Sio lazima uanze sifuri, kuna utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa unachokijua, unapewa mafunzo ya kuziba mapengo, unatunukiwa cheti. Umetengenezwa kwa watu kama wewe. Nenda Chang'ombe uulize upimaji unaofuata ni lini, maana hawapimi kila wiki. Pia Ofisi ya Makamu wa Rais imekuwa ikiandaa mafunzo ya gesi kwa mafundi kwa kupitia hivyo hivyo vyuo, kwa sababu ya kulinda tabaka la ozoni. Ukiwa umejiandikisha chuoni ni rahisi kuzisikia nafasi hizo.

Bahari_Unguja
Asalaam alaykum. Kwa walio huku Visiwani ni Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, msije mkamtuma mtu Chang'ombe na boti bure.

Jua_Kali_MSA
Kwetu Kenya ni mtihani wa ufundi wa NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani), unaanzia daraja la tatu kwenda la kwanza, na una vitendo. Hoteli za Nyali wanakuuliza hiyo kwanza.

Msafiri_Muscat
Kama ndoto ni kuja huku Ghuba, usidanganywe kwamba karatasi moja ndiyo viza. Mimi nilipofika walinipa spliti mbovu na mashine ya kunyonya gesi, wakakaa pembeni kunitazama. Kuna jamaa mwenye vyeti vingi kuliko mimi hakujua mtungi wa kurudishia gesi haujazwi zaidi ya asilimia 80. Gesi ikiwa kimiminika ikipata joto inatanuka, mtungi uliojaa pomoni ukiuacha kwenye gari juani unautafutia balaa.

Fundi_Tegeta
Asanteni sana. Dada, hilo la kupimwa sikuwa nalijua kabisa. Kesho kutwa naenda Chang'ombe. Bado swali la R32.

Baridi_Salama
Nijibu mimi, ndiyo kazi yangu.

R32 inawaka, sio maneno ya wauzaji. Iko daraja la A2L: sumu ndogo, kuwaka kwa shida. Hewani inahitaji kufika kama asilimia 14 ndipo ishike moto, na moto wake unatembea taratibu. Linganisha na R290, ambayo ni propani: asilimia 2 tu inatosha. Kwa hiyo R32 kwenye chumba chenye madirisha wazi haikutishi. Inatisha pale fundi anapokata bomba la kopa kwa moto wa gesi huku mfumo bado una gesi na mafuta ndani. Nyonya kwanza, pitisha naitrojeni, kata kwa kisu cha kopa, ndipo uwashe moto. Mashine ya kunyonya iwe imeandikwa kwamba inakubali A2L. Ile ya zamani ya R22 ina swichi zinazotoa cheche.

Halafu presha. Joto la kondensa (sehemu ya nje inayotoa joto) likiwa nyuzi 50, jambo la kawaida Dar, R22 inakaa karibu PSI 270 (PSI ni kipimo cha presha). R32 na R410A, gesi nyingine ya spliti, zinapita 420. Geji na mipira ya R22 usiifunge huko.

Mafundi wengi wanaogopa moto wanasahau hewa. Gesi hizi karibu zote ni nzito kuliko hewa, zinakaa chini na kusukuma oksijeni nje. Ukiingia kachumba kadogo ka mitambo kenye uvujaji unalegea kabla hujajua. Na ukizipitisha kwenye moto zinavunjika na kutoa haidrojeni floridi, inayochoma mapafu.

La mwisho: kuna watu hapa mjini wanapima uvujaji kwa oksijeni kwa sababu mtungi upo tayari wa kuchomelea. Oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka. Naitrojeni kavu na regyuleta, basi.

Mtoto_wa_Gerezani
Ya oksijeni nimeiona kwa macho yangu mtaani. Hapo nakubali darasa linahitajika.

Dada_Kompresa
Nyongeza kwa hizo R22 za hoteli. Chini ya Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa kulinda ozoni, nchi zinazoendelea zilitakiwa ziwe zimepunguza gesi za kundi la R22 kwa asilimia 67.5 kufikia 2025, na 2030 ndiyo kwaheri, kinabaki kiasi kidogo cha kuhudumia mitambo ya zamani. Bei itapanda na feki zitaongezeka. Usiamini rangi ya mtungi. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka na kuua watu kwa sababu yalijazwa gesi ya kupoza ya R134a feki iliyochanganywa na methili kloridi, ambayo ikigusana na alumini inatengeneza kitu kinachowaka chenyewe kikikutana na hewa.

Fundi_Tegeta
Duh. Msimamizi alipendekeza hizo za zamani tuzimalizie kwa kuzijaza propani ya kupikia, eti ni nafuu.

Baridi_Salama
Kataa. Propani ya jikoni ina unyevu, ina vitu vya kuipa harufu, na spliti ya R22 haikujengwa kwa gesi inayowaka, swichi na rilei zake ziko wazi. Mwambie akuandikie ombi hilo kwenye barua yenye muhuri wa hoteli uone kama atasaini.