Jiko la futi sita kwa nane, wapishi wawili: vyombo tuvipange vipi?

Mpangaji wa Sinza:

Ndugu zangu, habari zenu. Naomba ushauri kuhusu jiko dogo la nyumba ya kupanga hapa Sinza, Dar es Salaam. Nyumba yenyewe ni chumba, sebule na jiko, na hilo jiko lina upana wa futi sita na urefu wa futi nane, yaani kama mita 1.8 kwa 2.4. Ukuta mmoja mrefu una sinki na meza ya zege iliyobandikwa marumaru, ukuta mfupi una dirisha la nyavu, na mlango unafungukia ndani. Humo humo limo jiko la gesi la mezani, mtungi wa kilo 15, friji fupi na jaba la maji, kwa kuwa maji ya bomba mtaani kwetu hutoka kwa zamu na hakuna anayethubutu kukaa bila akiba.

Kinachonishinda ni vyombo. Sufuria zimepachikwa moja ndani ya nyingine, na ninayoitaka huwa ndiyo iliyo chini kabisa. Kinu, mbuzi, ungo na masufuria makubwa ya shughuli yamejaa sakafuni pamoja na ndoo za unga na mchele. Isitoshe, jikoni tunaingia wawili, mimi na wifi yangu, na mmoja wetu akiinama kufungua friji, mwingine hana budi kutoka nje kumpisha. Mwenye nyumba ameruhusu matundu machache ukutani, lakini hataki kabati la kujengea. Je, nitengeneze shelfu, ninunue kabati la kusimama, au kuna njia nyingine ambayo sijaifikiria? Kabati la kisasa la ukuta mzima liko nje ya uwezo wangu kwa sasa.

Fundi wa Keko:

Dada yangu, kabla hujazungumzia shelfu, anza na mlango. Mlango wa upana wa sentimita 80 unaofungukia ndani unahitaji karibu nusu mita ya mraba ya sakafu ili uzunguke, na jiko lako lote halifiki mita za mraba nne na nusu. Maana yake ni kwamba zaidi ya sehemu moja kati ya kumi ya jiko umeiacha wazi kwa ajili ya ubao unaopita hapo mara chache kwa siku. Mwombe mwenye nyumba akuruhusu kuugeuza ufungukie nje, kazi ambayo fundi anaimaliza kwa kuhamisha bawaba na kuziba alama za zamani, au uung'oe kabisa na kuuhifadhi mpaka siku utakapohama. Nyuma ya mlango ule ndipo itakapokaa rafu yako ya kwanza.

Jambo la pili ni kimo. Meza ya jikoni huwa na kimo cha sentimita 85 hadi 90, ilhali dari za nyumba nyingi za hapa mjini ziko mita 2.7 au zaidi kutoka sakafuni, kwa hiyo juu ya meza yako kuna karibu mita mbili za ukuta mtupu. Shelfu ya chini iache nafasi ya sentimita 45 hadi 50 kutoka mezani, ili ukikata mboga isikuzuie kuona. Kina chake kisizidi sentimita 30. Watu wengi huja karakana wakitaka shelfu pana kama meza, wakidhani watapata nafasi maradufu, kumbe kinachowekwa nyuma hakionekani, na kisichoonekana hakitumiki. Vilevile usipange nafasi zinazolingana kati ya shelfu na shelfu. Pima vyombo vyako kwanza: vikombe na makopo ya viungo vinatosheka na sentimita 15, sahani zilizopangwa zinahitaji 20, na sufuria yenye mfuniko wake huenda ikahitaji 30. Nafasi zikilingana, juu ya vikombe utakuwa unahifadhi hewa.

Kuhusu mbao, sikushauri kutumia MDF, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, karibu na sinki, kwa sababu ikinywa maji kwenye ncha zilizokatwa inavimba na hairudi. Plaiwudi nzito au mbao za paini zilizopigwa vanishi vizuri zinatosha; mninga ni mzuri, ila ni mzito na bei yake si ya nyumba ya kupanga. Fundi akitoboa, hakikisha tundu limepita lipu na kuingia kwenye tofali lenyewe, kwa sababu lipu peke yake haishiki mzigo. Plagi ya milimita 8 na skrubu isiyopungua inchi mbili na nusu zinafaa kwa shelfu ya sahani, na vishikio visiachane kwa zaidi ya sentimita 60.

Kwa upande wa friji, badala ya kutoboa, mwone fundi wa kuchomelea akutengenezee fremu ya skwea paipu ya inchi moja isimame kama lango juu ya friji, yenye shelfu mbili au tatu kwa juu. Iachie friji nafasi ya kutosha ya kupumua, hasa nyuma, kama sentimita kumi hivi, la sivyo mota itafanya kazi bila kupumzika na bili ya umeme itapanda. Chini ya meza ya zege weka pazia ili vitu visionekane ovyo.

Mama wa Tanga:

Fundi amesema kweli kuhusu mlango, lakini mimi nitamkatalia kidogo kwenye hizo shelfu. Shelfu haipunguzi vyombo, huvipa makao, na kila nyumba niliyoiona ikiongeza shelfu ilizijaza kabla vanishi haijakauka sawasawa. Mwanangu, toa kwanza, ndipo upange.

Masufuria ya shughuli hayana kazi jikoni. Yanatumika kwenye harusi, hitma au msiba, kisha yanakaa miezi yakipokea vumbi. Yafunge kwenye kiroba kisafi uyaingize mvunguni au uyapandishe juu ya kabati la nguo. Na kama kuna kikundi cha akina mama hapo mtaani chenye vyombo vya pamoja, yapeleke huko, nawe utaazima siku ukihitaji. Mbuzi, kama ni ile ya kukunja, inakunjwa na kutundikwa msumarini. Ungo, kawa na chekecheo navyo ni vitu vya kutundika tangu enzi za mabibi zetu, wala sijui nani aliwaambia vijana wa mjini kwamba ukuta wenye vitu vilivyotundikwa ni ukuta wa aibu. Kinu kikubwa kitoke nje ya hesabu, ubaki na kile kidogo cha kutwangia kitunguu thomu na iliki.

Hizo ndoo za sakafuni nazo ziangalie. Ndoo ya duara ikiwekwa mahali pa mraba inaacha pembe nne tupu, na nafasi inayopotea ni zaidi ya sehemu moja kati ya tano. Tafuta makopo ya pembe nne yenye mifuniko inayobana, yakae bega kwa bega. Halafu jiulize kwa nini unanunua unga wa kiroba cha kilo 25 kwa nyumba ya watu wachache, wakati duka liko mlango wa pili. Katika joto la Pwani unga ukikaa muda mrefu unaingia wadudu, na mchele unaingia fukusi. Nunua kilo tano tano, na usimimine unga mpya juu ya ule wa zamani. Viazi na vitunguu usivichanganye kapu moja, kwa sababu vikikaa pamoja vinaharibiana. Tundika vitunguu kwenye neti karibu na dirisha, viazi viwe penye giza.

Ama sahani, nakushauri uachane na kabati lake kabisa. Weka kichanja cha waya juu ya sinki, sahani zikishaoshwa zisimamishwe humo zichuruzike maji ndani ya sinki lenyewe, zikauke hapo, zikae hapo mpaka chakula kingine. Kwa namna hiyo unaondoa beseni la kuchujia vyombo mezani, unaondoa kabati, na unaondoa kazi ya kufuta. Kwa kuwa mende wa Dar es Salaam hawana adabu, kifunike kwa kitambaa chepesi usiku.

Jirani wa Buguruni:

Naomba lile pazia la fundi lisiwekwe kabla hatujazungumzia mtungi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja haipandi dirishani bali inatambaa chini na kutuama kwenye kona. Mtungi uliofungiwa ndani ya kabati au nyuma ya pazia zito, katika jiko ambalo tundu lake pekee la hewa ni dirisha la juu, ni hatari ambayo haina sababu. Usimame wima, mahali unapouona na unapoifikia koki kwa mkono mmoja, mbali na soketi na mbali na friji, na uwazi ubaki chini ya mlango ili hewa ipite. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, funga na umwite muuzaji. Pazia, neti na kamba za kutundikia visikaribie moto, na shelfu isiwe juu ya jiko la gesi, kwa sababu mafuta na mvuke vitaiharibu na mtu akinyoosha mkono kuchukua chumvi mkono wa nguo utapita juu ya moto.

Umeme ukikatika au gesi ikiisha, jiko la mkaa liwashwe nje. Moshi wake usioonekana unaua watu waliofunga milango.

Mchoraji Ramani:

Nimefurahi kuona kichanja cha sahani kimetajwa, kwa sababu Wafini walilifanyia kazi wazo hilo hilo katika miaka ya 1940, pale Maiju Gebhard alipobuni kabati la kukaushia vyombo lisilo na sakafu, likiwa juu ya sinki, na hadi leo ni kitu cha kawaida katika nyumba za Finland. Tofauti na cha Mama wa Tanga ni milango tu.

Mfano mwingine unaohusu swali hili ni jiko la Frankfurt la mwaka 1926, lililobuniwa na msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, kwa ajili ya nyumba za bei nafuu za jiji hilo la Ujerumani. Lilikuwa na upana wa mita 1.9 hivi na urefu wa mita 3.4, na yapata majiko 10,000 ya aina hiyo yalijengwa. Alitazama majiko ya mabehewa ya chakula ya treni, akaona watu wanaolisha abiria wengi katika nafasi finyu, kisha akakipa kila kitu mahali pake: droo ndogo za alumini za mchele, sukari na nafaka, chombo cha unga cha mti wa mwaloni ili wadudu wasikipende, ubao wa kupigia pasi unaokunjwa ukutani, na mahali pa kusukumia maganda moja kwa moja kutoka meza ya kukatia.

Lakini nalileta hapa hasa kwa sababu ya kasoro yake, ambayo ililalamikiwa sana: lilipimwa kwa mtu mmoja. Wewe una wifi yako. Ushauri uliotolewa mpaka sasa utakuondolea vitu sakafuni, ila hautawapa watu wawili mahali pa kusimama ikiwa kazi zote ziko upande mmoja. Tenganisha kazi ya maji na kazi ya moto: jiko la gesi liende mwisho wa meza ulio mbali na sinki, na friji ihamie karibu na mlango, ili anayetoa nyanya asipite mgongoni mwa anayesonga ugali. Na ikiwezekana, kuchambua mchele, kukuna nazi na kumenya viazi kufanyike sebuleni au barazani, kama ilivyokuwa desturi ya nyumba zetu za uani. Meza ya kukunja iliyofungwa ukutani kwa bawaba, yenye upana wa sentimita 40, itatosha kwa kazi hizo na ikishushwa haionekani.

Mpangaji wa Sinza:

Nawashukuru nyote, na shikamoo Mama wa Tanga. Mwenye nyumba amekubali mlango ugeuzwe, na masufuria ya shughuli yatakwenda mvunguni. Nimebakiwa na mambo mawili. Jaba la maji nilipeleke wapi, ikiwa bafu nalo ni dogo? Na pili, wifi yangu ni mfupi kuliko mimi kwa kichwa kizima; shelfu zikifuata kimo changu, yeye atapanda kigoda kila saa.

Fundi wa Keko:

Kuhusu gesi nakubaliana na jirani, pazia liondolewe upande wa mtungi. Jaba libadilishe kwa madumu ya lita 20 yenye pembe, yanaingia chini ya meza ya zege mstari mmoja na kila moja linabebeka, wakati jaba likijaa halisogei tena. Maji usiyapandishe kwenye rafu hata siku moja, kwani lita 20 ni kilo 20.

Shelfu zifuate kimo cha wifi. Asimame mbele ya meza, anyooshe mkono mpaka kiganja kilale bapa ukutani, uweke alama hapo. Vya kila siku visivuke alama hiyo, na vya wiki au mwezi vipande juu, wewe ndiye utakayevishusha. Ile fremu ya juu ya friji mwambie fundi aitengeneze vipande viwili vya kuunganishwa kwa bolti badala ya kuichomelea mzima, kwa sababu nyumba ni ya kupanga, na mlango wa nyumba utakayohamia hujaupima.