Santuri inavuma besi sauti ikipanda: nibadilishe sindano?

Besi_Nzito
Habari wakuu. Pleya imekaa juu ya kabati la mbao, na spika ziko juu ya kabati hilo hilo. Sauti ikivuka nusu, besi inavuma na haikatiki. Tena hata sauti ikiwa chini, koni za spika zinacheza nje-ndani polepole. Je, sindano imekwisha?

FundiPleya
Mkuu, usinunue sindano. Hayo ni matatizo mawili.

Mvumo unatoka kwenye kabati: spika zinalitikisa, sindano inasoma mtikisiko huo kama muziki, amplifaya inaurudisha kwenye spika. Ingizo la fono (sehemu ya amplifaya ya kuchomekea pleya) nalo hupandisha Hz 20 (mitetemo 20 kwa sekunde) karibu desibeli 20 kuliko Hz 1000, kwa kuwa besi hupunguzwa santuri inapochongwa. Mtetemo usiouhisi hata kwa kidole unageuka ngurumo.

Hakikisha hivi: zima mota, sahani isimame, weka sindano juu ya santuri usiyoijali, pandisha sauti taratibu huku ukigonga kabati. Ukisikia "duuu" ndefu, shusha sauti upesi. Kwanza kabisa, toa spika hapo. Pleya ipelekwe kwenye shelfu iliyofungwa ukutani, ukuta wa tofali. Kifuniko nacho kitoe unapopiga, kinadaka sauti.

Hz_Kumi
Koni kucheza ni habari ya mkono wa pleya na kichwa kinachoshika sindano: viwili hivyo vina Hz zao vinazopenda kutetemeka. Piga hesabu ya Hz hizo: 159 gawanya kwa kipeuo cha pili cha (uzito wote kwa gramu × ulaini wa sindano kwa µm/mN). Mfano: mkono wa pleya ya Technics SL-1200MK2 ni gramu 12, kichwa cha Ortofon 2M Red 7.2, skrubu kama 0.5: jumla 19.7. Ulaini ni 20. Jibu ni Hz 8. Lengo ni 8 hadi 12. Ukishuka chini ya hapo unakutana na mawimbi ya santuri iliyopinda; ukipanda sana unaingia kwenye besi yenyewe. Kwa hiyo usibandike sarafu juu ya kichwa: uzito unaongezeka, Hz zinashuka.

FundiPleya
Sahihi. Na usiweke sponji ovyo chini ya pleya. Kitu chochote laini hukuza mtetemo kwenye Hz zake chenyewe, na huanza kuzuia juu ya mara 1.4 ya hizo. Zikiangukia 10, umeuchochea mkono. Sponji iliyobonyea kabisa haizuii chochote. Ukishamaliza, weka pimamaji juu ya sahani. Koni zikiendelea kucheza kwa santuri iliyonyooka, washa filta inayokata chini ya Hz 20 kwenye amplifaya, kama ipo.