Naombeni ushauri: nataka bapa la kisu liwe na sura ya kale bila kuliharibu

MhunziKatwe
Ndugu zangu, salaam. Nafua visu hapa Katwe, Kampala, kwa feleji ya springi za lori. Makali yanakaa vizuri, shida ni sura. Nikimaliza msasa kisu kinametameta, na wateja wa soko la sanaa wanataka cheusi kilichochujuka, kama cha kurithi. Siki inanipa mabaka: huku pamekolea, kule peupe, na kesho yake kutu nyekundu imeshaota. Rangi sitaki, inabanduka, na visu hivi ni vya chakula. Nitumie nini, na nianze na lipi?

FundiRedio_Jinja
Mabaka hayo ni mafuta, kaka. Mafuta uliyozimishia chuma na ya vidole vyako yanaizuia siki isiguse bapa. Osha kwa sabuni na maji moto, futa kwa asetoni, na kuanzia hapo shika kwa glavu. Pasha siki, tumbukiza bapa, litoe kila baada ya dakika chache ulisugue kwa stilwaya laini, kisha lirudishe. Ukiridhika na weusi, lioshe kwa maji yenye soda ya kuokea. Kutu yako ya asubuhi inatokana na asidi iliyobaki. Kausha upake mafuta papo hapo.

Ukitaka haraka, ipo feriki kloridi, ile tunayochongea saketi. Izimue sana kwa maji, vaa glavu na miwani, na usiiweke kwenye sufuria ya alumini, inaila.

Sulu_Mbale
Mbona mnazunguka? Changanya jiki na siki, chuma kinazeeka haraka.

FundiRedio_Jinja
Sulu, hapana! Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, ile ile iliyoua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ndani ya karakana iliyofungwa mtu anaweza kupoteza mapafu. Hata jiki peke yake inatoboa vishimo kwenye chuma, na kishimo kikifika kwenye makali, kisu kimekwisha. MhunziKatwe, tafadhali usijaribu.

Jajja_Masaka
Mwanangu, mimi si mhunzi, lakini nimemenya matooke maisha yangu yote. Kitazame kisu cha mama yeyote wa huku, kile cha chuma kinachoshika kutu: ni cheusi, na hakuna aliyekitia dawa. Ni utomvu. Ponda maganda mabichi, yapake bapani, yaache yakauke, suuza, rudia. Weusi unakuja polepole, haulingani kila mahali, na ndiyo maana unaonekana wa kweli.

MhunziKatwe
Jajja, asante sana. Visu hivyo naviona kila siku na sikuwahi kuuliza weusi umetoka wapi.

FundiRedio_Jinja
Jajja amesema kweli. Utomvu una tanini, ile kemikali ya mimea yenye ukakasi, na tanini ikikutana na chuma inatoa weusi ule ule wa wino wa kale. Majani ya chai yaliyochemshwa sana nayo yana tanini. Ila kwa stenlesi msihangaike, haipokei.

Mzee_Bombo
Kijana, kutu usiichukie, itumie. Bapa likishakuwa safi, liache lipate kutu nyekundu nyembamba iliyoenea sawasawa. Lichemshe kwenye maji ya mvua kama nusu saa. Utaona wekundu unageuka mweusi mbele ya macho yako. Sugua vumbi taratibu, rudia mpaka rangi ikolee. Mitutu ya bunduki za zamani ilitiwa rangi hivyo. Kutu hiyo nyeusi ni oksidi nyingine ya chuma, inashika na inabeba mafuta vizuri.

Na asikudanganye mtu uchome kwa moto ili upate rangi. Bluu inatokea karibu na nyuzi 300 za Selsiasi, na hapo ugumu wa makali umeshapungua.

MhunziKatwe
Shikamoo mzee. Na ile sura ya kuchakaa, mikwaruzo midogo midogo?

Mzee_Bombo
Marahaba. Kabla ya kunoa, tia bapa kwenye bomba nene la plastiki pamoja na kokoto ndogo, maji na sabuni, funga, uzungushe. Kokoto zinafuta weusi kwenye kingo na kuuacha mabondeni. Alama za nyundo usizimalize zote kwa tupa, weusi utatulia humo. Makali noa mwisho kabisa, yabaki meupe.

Dada_Sanaa
Nauza kazi za mikono, naomba niongeze la upande wangu. Gonga alama yako karibu na mpini, na mwambie mnunuzi kisu ni kipya, kimetiwa sura ya kale. Wapo wanaouza vitu vya jana kama mali ya mababu, na mteja akigundua harudi kwa yeyote kati yetu. Kazi yako ni nzuri, iuze kwa jina lako.

MhunziKatwe
Dada, alama nitagonga. Nitaanza na njia ya mzee, kisha utomvu wa Jajja juu yake. La mwisho: mpini wa mvule niufunge kabla au baada?

Mzee_Bombo
Baada. Maji na asidi vikiingia chini ya mti, kutu itakula shina la kisu, ile sehemu inayoingia ndani ya mpini, bila wewe kuiona. Paka shina mafuta kwanza, ndipo ufunge.